Kujipa pole si kujidekeza: kinachomrudisha mwanafunzi wa chuo kwenye karatasi aliyofeli

Mwaka wa pili chuoni nilipata 11 kati ya 40 kwenye testi ya takwimu. Msaidizi wa mhadhiri alizirudisha karatasi kwa kuzimwaga mezani, kila mtu ajitafutie yake, na kwa kuwa maksi zilikuwa juu kabisa kwa wino mwekundu, kila aliyetafuta yake alizisoma na za wenzake. Niliichomoa yangu haraka, nikaikunja, nikaikunja tena, nikaisokomeza katikati ya daftari. Usiku ikahamia chini ya godoro. Ikakaa huko hadi Julai, siku ya kuhama hosteli, ilipodondoka sakafuni na vumbi lake, ndipo nikaikunjua kwa mara ya kwanza.

Nilitegemea kukuta makosa ishirini. Nilikuta mawili. La kwanza, nilikuwa nagawanya kwa n, yaani idadi ya namba zilizopo, pale sampuli inapotaka n kutoa moja. La pili, nilikuwa nasoma jedwali la Z, lile la kutafutia uwezekano, upande usio wake. Makosa hayo mawili nilikuwa nimeyarudia swali baada ya swali, na kumbe nilikuja kuyarudia tena kwenye mtihani wa mwisho wa semista, yakanizawadia sapu, yaani mtihani wa marudio. Dawa nilikuwa nayo muda wote ule. Nilikuwa nimeilalia.

Uvivu haukuwepo. Semista ile nilipiga msuli kwelikweli: nilikesha, nilikusanya madesa, zile notisi za waliotutangulia, nilikariri mifano hadi namba zake. Kilichonishinda ni kimoja tu, kuitazama karatasi yangu mwenyewe, kwa kuwa nilijua nitakachojiambia nikiiona. Hofu hiyo ndogo, ambayo hakuna anayeipangia saa kwenye ratiba ya kujisomea, ina watafiti wake. Kwa zaidi ya miaka ishirini wamekuwa wakiuliza swali ambalo mwanzoni linaonekana la kitoto: je, namna unavyosema na nafsi yako baada ya kushindwa ina uhusiano wowote na namna utakavyosoma wiki inayofuata?

Neno lenyewe lina mtego

Mwaka 2003 mwanasaikolojia Kristin Neff, wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Marekani, alichapisha makala mbili. Moja ilieleza dhana ya mtu kuwa na huruma kwa nafsi yake, dhana aliyoichota kwenye mafundisho ya Kibudha. Nyingine ilileta dodoso la kuipima, lenye vipengele 26, na dodoso hilo ndilo linalotumika hadi leo katika tafiti nyingi za aina hii, zikiwemo za wanafunzi wa vyuo.

Shida ya kwanza ni kuiita kwa Kiswahili. Ukisema fulani anajihurumia, msikilizaji anaona mtu anayelikwepa jembe. Ukisema anajionea huruma, anaona mtu aliyekaa barazani akihesabu mabaya yaliyompata, na wewe ukiwa wa nne leo kusimuliwa. Kujidekeza ndiyo kabisa, hiyo ni kazi ya kitinda mimba. Wapo wanaoandika "huruma binafsi", na mimi kila nikiisoma naona gari binafsi. Neff hakukusudia hata moja kati ya hayo, na nusu ya ubishi ninaousikia juu ya jambo hili unatokana na hapo tu: watu wanapinga neno kabla hawajafika kwenye kitu.

Kinyume chake, hata hivyo, tunacho, tena kimekaa vizuri mno mdomoni. Tunasema nafsi inanisuta. Na kusuta si kulaumu kwa kawaida. Pwani, mtu anayesutwa husutwa hadharani: wenye kusuta huja na wapambe, pengine na ngoma, wakasimama mlangoni kwake na kuyamwaga yote majirani wasikie. Nafsi nayo ina wapambe wake. Haikwambii "umekosea fomula". Inakwambia wewe ni yule yule wa tangu kidato cha pili, hesabu hazijawahi kukupenda, na nyumbani waliuza ng'ombe kwa ajili ya hiki. Sasa nani mwenye akili atakayefungua mlango ngoma kama hiyo ikiwa nje? Utajifungia. Utaiweka karatasi chini ya godoro.

Neno ninaloliona linaikaribia dhana ya Neff kuliko "huruma" ni "pole". Liangalie vizuri. Pole haiulizi kosa ni la nani. Mtu akijikwaa kwenye kizingiti anachokivuka kila siku, unampa pole. Mtoto akiungua kwa kuchezea jiko alilokatazwa, kwanza pole na maji ya baridi, ndipo mengine yafuate. Mgeni anayejifunza Kiswahili huchanganya pole na samahani, na sisi humcheka kidogo, maana tunajua aliyetoa pole hajakiri chochote wala hajamsafisha mtu. Amesema tu kwamba ameona umeumia. Kosa lipo pale pale na litazungumzwa. Tunaitoa siku nzima, kwa mgonjwa, kwa aliyefiwa, hata kwa mtu aliyetoka tu kazini. Ila kujipa sisi wenyewe, hilo hatujazoea.

Neff aliigawa dhana yake katika sehemu tatu, kila moja na kinyume chake. Badala ya kuziorodhesha, mfikirie mwenzako wa chumbani akirudi na 11 kati ya 40. Ukiwa mtu wa kawaida utamwambia hivi: "Pole, ndugu yangu. Kwani hukuona, hata yule kipanga wa mbele kashika 13. Hebu lete tuone umekosea wapi." Sentensi tatu tu, na sehemu zote tatu zimo. Ya kwanza ni wema mahali pa hukumu. Ya pili inamtoa upwekeni: kushindwa ni jambo la wanadamu, hujatengwa nalo peke yako. Ya tatu ndiyo watu huisahau, nayo ni kulitazama jambo kwa ukubwa wake halisi, bila kulikimbia na bila kulikuza hadi likakumeza. "Hebu lete tuone" haimwachi mtu amelala. Anayesoma sehemu ya kwanza akaishia hapo ndiye anayekuja kudai kwamba wazungu wanataka kutulegezea watoto.

Kusaini na kusoma

Upande wa pili wa mada, yaani ushiriki katika masomo, nao una neno linalodanganya. Ushiriki kwa maana ya ofisi ni jina kwenye karatasi ya mahudhurio, na kila aliyepita chuo anajua tunavyosainiana. Jina lipo, mwenye jina yuko kantini.

Mwaka 2002 Wilmar Schaufeli wa Uholanzi na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Hispania, Ureno na Uholanzi. Walianzia kwenye ile hali ya mtu kuchakaa roho kwa kazi, kisha wakauliza kinyume chake kinafananaje kwa mwanafunzi. Wakakieleza kwa mambo matatu: nguvu ya kuendelea hata somo linapokuwa gumu, kuona kwamba unachosoma kina maana na thamani kwako, na kuzama hadi ukishtuka saa mbili zimepita. Miaka miwili baadaye Jennifer Fredricks na wenzake huko Marekani, wakizungumzia zaidi watoto wa shule, waliupanga ushiriki kwa njia nyingine: wa matendo, wa hisia na wa fikra. Mimi mgawanyo huu wa pili ndio unaonisaidia zaidi, kwa kuwa unaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuwepo kwa kimoja na kukosekana kwa vingine. Semista ile ya takwimu, kwa matendo nilikuwa mfano wa kuigwa. Vipindi vyote nilikuwemo, madaftari yamejaa. Kwa fikra nilikuwa nimejiondoa pale panapouma, na pale panapouma ndipo palipokuwa na somo.

Ndiyo maana habari za nani anasoma saa ngapi kwa siku huwa hazinishtui tena. Saa sita za kunakili madesa zinaweza kuwa njia nzuri sana ya kukwepa dakika ishirini za kurudia swali lililokushinda.

Kipanga, kilaza, na hofu iliyo kati yao

Hapa pande mbili zinapokutana ndipo penye kazi, kwa hiyo niende taratibu.

Mwaka 2005 Neff na wenzake wawili walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo, huruma kwa nafsi, na malengo ya kusoma. Malengo hapa ni ya aina mbili. Kuna anayesoma ili aelewe, na kuna anayesoma ili aonekane anajua, au walau asionekane hajui. Waliokuwa na huruma zaidi kwa nafsi zao walielekea zaidi kwenye kusoma kwa kuelewa, na kidogo kwenye kusoma kwa kuonekana. Sehemu ya maelezo ya uhusiano huo ilikuwa kwamba wanafunzi hao waliogopa kufeli kidogo kuliko wenzao na walijiona wanaweza. Sehemu ya pili ya utafiti ilihusu wanafunzi waliokuwa wameona matokeo ya mtihani wa katikati ya semista kuwa ni kufeli. Hapo tena, wenye huruma kwa nafsi hawakuelekea sana kulikwepa jambo.

Ukilisoma hilo ukiwa umepitia shule zetu, unaona picha mara moja. Sisi tumekuzwa kwa matokeo yanayobandikwa ubaoni, nafasi ya kwanza hadi ya mwisho, majina kamili. Kufikia kidato cha sita kila mtu amekwisha kupewa cheo chake: huyu kipanga, mwenye akili nyingi, yule kilaza, asiyeshika kitu. Sasa mchukue kipanga wa sekondari kama Ilboru, Kibaha au Kilakala, umpeleke chuoni, kwenye ukumbi ambamo jirani wa kulia alikuwa kipanga wa kwao na wa kushoto vilevile. Lazima wengine wawe wa katikati, na wengine wawe wa chini, hesabu haina njia nyingine. Herbert Marsh, mtafiti wa Australia, ameliandikia jambo hili tangu miaka ya 1980 kwa mfano wa samaki mkubwa kwenye kidimbwi: uwezo wa mtu haujabadilika hata kidogo, ila akihamishiwa kati ya wenye uwezo kama wake, anavyojiona hushuka. Ambaye thamani yake yote ameiegesha kwenye neno "kipanga" hana pa kushika. Testi ya kwanza yenye maksi mbaya haimwambii "rudia sura ya tatu". Inamwambia siri imefichuka.

Na mtu mwenye siri hulinda. Hakai viti vya mbele. Haendi ofisini kwa mhadhiri. Haulizi.

Kuhusu kuuliza, Tanzania tuna kero yetu ya pekee. Mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili na kugeuziwa Kiingereza kidato cha kwanza anafika chuo akiwa na lugha mbili kichwani: moja ya kufikiri, moja ya kutoa jasho. Mhadhiri anauliza kama kuna swali. Ukimya. Swali lipo, tena zuri, lakini liko kwa Kiswahili, na mwenye nalo analipanga upya kichwani, anatafuta kitenzi, anakumbuka alivyochekwa mwaka wa kwanza alipochapia mbele ya watu mia tatu. Akimaliza kulipanga, slaidi imekwisha kubadilishwa. Mimi sioni mahali ambapo huruma kwa nafsi na ushiriki vinagusana waziwazi kuliko hapo. Mkono haunyanyuki kwa sababu gharama ya kuchapia, kwa bei anayojitoza mwenyewe ndani, ni kubwa kuliko faida ya kuelewa. Anayejua kwamba akichapia atajipa pole na maisha yakaendelea, huyo bei yake ni ndogo. Atauliza, akichapia na wakacheka, jibu atakuwa ameondoka nalo.

Swali la Berkeley

Hadi hapa mtu mkorofi anaweza kusema, na ana haki, kwamba haya yote ni ya dodoso. Huenda wanaofaulu ndio wanaoweza kujihurumia, si kinyume chake. Kwa hiyo tafiti mbili zinafaa kutazamwa kwa karibu.

Ya kwanza ni ya Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyochapishwa 2012, yenye majaribio manne. Katika moja, waliwapa wanafunzi mtihani wa msamiati mgumu makusudi. Baada ya hapo wakawagawa. Kundi moja liliambiwa, kwa maana, kwamba kama mtihani umewawia mgumu hawako peke yao, ni kawaida wanafunzi kupata tabu na mitihani ya namna hii, basi wasijibane sana. Kundi jingine lilitiwa moyo kwa sifa: kama umeweza kuingia Berkeley, lazima una akili. Kundi la tatu halikuambiwa lolote la namna hiyo. Kisha wote wakapewa nafasi ya kujisomea kadiri wanavyotaka kabla ya mtihani wa pili, na watafiti wakapima muda.

Waliojisomea kwa muda mrefu zaidi ni wale wa kundi la kwanza, lililoambiwa wasijibane. Waliosifiwa akili hawakuwafikia.

Nalipenda jaribio hili kwa sababu linaumbua desturi yetu ya kufariji. Mtu akifeli, mara nyingi tunamkimbilia na sifa: "Wewe mbona kichwa! Hiyo testi tu." Tunadhani tunamjenga. Kumbe tumemwongezea cha kulinda. Kama mimi ni kichwa na nimepata 11, ama testi ni mbovu ama mimi si kichwa, na njia zote mbili hazipiti kwenye jedwali la Z. Pole haimpi mtu cheo cha kulinda, basi mikono yake inabaki mitupu kushika kalamu.

Utafiti wa pili ulifanyika Canada, Chuo Kikuu cha Carleton mjini Ottawa, ukachapishwa 2010. Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett waliwafuatilia wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza kupitia mitihani miwili ya katikati ya semista. Waliwauliza waliahirisha kusoma kiasi gani kabla ya mtihani wa kwanza, kama wamejisamehe kwa kuahirisha huko, kisha waliahirisha kiasi gani kabla ya wa pili. Kati ya walioahirisha sana, waliojisamehe ndio waliopunguza kuahirisha mara ya pili, na kilichobeba badiliko hilo ni kupungua kwa hisia mbaya. Wale walioendelea kujilaumu, ambao wewe na mimi tungedhani wamepata funzo, waliendelea kuahirisha.

Ajabu hii si ajabu ukikumbuka kwa nini watu huahirisha. Kitabu hakimuumi mtu. Kinachomuuma ni hisia anayoipata akikifungua, na kila lawama mpya inaongeza hisia hiyo. Unajisuta jioni kwa kutosoma mchana, kesho kitabu kinakuwa na harufu ya lawama za jana, unakikwepa tena, na usiku una mawili ya kujisuta. Mwisho wa semista unakuwa na lundo. Tena angalia: kujisamehe kunahitaji kwanza kukiri kwamba kuna kosa. Asiyeona kosa hana cha kusamehe.

Tuna methali tunayoitumia hapa, yaliyopita si ndwele tugange yajayo, na naomba radhi kwa wazee, naona wanafunzi wengi huitumia nusu. Wanaishia kwenye "si ndwele" wakatoka kwenda kucheza pool. Kuganga ni kazi ya tabibu, na sijawahi kusikia tabibu aliyeganga bila kumtazama mgonjwa.

Pale ninapositasita

Mambo haya yamepata umaarufu mkubwa, na umaarufu huleta wauzaji, kwa hiyo inafaa kusema yanapokomea.

Kwanza kipimo chenyewe kinabishaniwa. Dodoso la Neff lina vipengele vya wema na vipengele vya ukali kwa nafsi, kisha hujumlishwa vyote, vya ukali vikiwa vimegeuzwa. Mwanasaikolojia wa Uholanzi Peter Muris na wengine wameeleza kwa miaka kwamba mtu mwenye sonona au wasiwasi atapata alama kubwa kwenye vile vya ukali kwa sababu ndivyo ugonjwa wake ulivyo. Kwa hiyo ukigundua kwamba "wasiojihurumia wana sonona", huenda umepima sonona mara mbili. Hoja hiyo ina uzito kwangu. Utafiti mwingi wa wanafunzi na ushiriki ni wa dodoso moja kujaza na dodoso la pili kujaza, siku moja, mtu yule yule, na matokeo yake yachukuliwe kwa kipimo hicho. Majaribio kama ya Berkeley yana nguvu zaidi, lakini ni ya mchana mmoja. Shahada ni ya miaka mitatu.

Pili, hofu ya kulegea haina msingi wote, ila ina kidogo. Levi Baker na James McNulty walichapisha mwaka 2011 utafiti wa wapenzi na wanandoa ulioonyesha kwamba kwa wanaume wenye bidii na uangalifu, huruma kwa nafsi iliwapa ari ya kurekebisha makosa yao kwa wenzi wao. Kwa wanaume wasio na uangalifu huo, ilikwenda kinyume. Ndoa si takwimu, najua, na bado nadhani kitu hicho hicho kipo chuoni. Pole kwa mtu asiyejali tayari ni blanketi jingine.

Tatu, tusijidai kwamba sisi watu wa udugu tunalo hili kwa asili. Mwaka 2008 Neff na wenzake walilinganisha wanafunzi wa Marekani, Thailand na Taiwan. Wathai walikuwa juu, Wataiwani chini, Wamarekani katikati. Nchi mbili za Asia, zote zinazohesabiwa kuweka jamii mbele ya mtu binafsi kuliko Marekani, zikaangukia pande mbili za mwisho. Huenda kilichotofautisha ni kile mtoto anachofundishwa kufanya na aibu. Kwetu pia, ukarimu wa pole kwa mwenzako unaweza kukaa nyumba moja na fimbo kwa nafsi yako bila kugongana.

La mwisho linaniudhi zaidi. Mwanafunzi ambaye bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa wiki sita, anayelala wanane chumba cha wanne, anayesoma kwa simu iliyopasuka kioo, hana tatizo la saikolojia kwanza. Ukimwitia semina ya kujihurumia umemtania. Na vyuo navyo vina sehemu yao katika kuipandisha ile bei niliyoitaja. Kumwaga karatasi mezani ni uamuzi wa mtu. Kubandika matokeo kwa majina ni uamuzi wa mtu. Semista iliyofuata nilipata msaidizi mwingine, kijana mpole wa sauti ndogo, aliyezirudisha testi zimekunjwa, maksi ndani, kisha akatupa robo saa hapo hapo turudie swali moja lililotushinda na kumkabidhi kabla ya kutoka. Hakuwa na neno lolote la kututia moyo. Hakuna aliyetoka mle akiwa na karatasi ambayo hajaifungua.

Wiki mbili zilizopita binti wa mama mdogo, aliye mwaka wa kwanza, alinipigia usiku.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

"Nimepata 9 ya 30 kemia. Nadhani hii kozi si yangu."

Kwenye ulimi nilikuwa na "kaza buti" na "wewe mbona kichwa", zote mbili zimejipanga. Nikasema, "Pole, mdogo wangu." Akanyamaza. Nikasikia anapenga kamasi. Nikamwambia mimi kwenye takwimu nilipata 11 ya 40, akacheka kidogo, akauliza ilikuwaje, nikamwambia habari ya godoro.

"Yako iko wapi?"

"Kwenye begi."

"Umeisoma?"

"Nimeona maksi tu."

Nikamwomba apige picha ukurasa mmoja, wowote, anitumie. Ilikuja baada ya kama dakika kumi. Ilikuwa na ukungu, na mikunjo miwili mikubwa imekatiza katikati ya swali la pili, lakini alama nyekundu ilionekana: mstari chini ya neno mole, kile kipimo cha kemia, na kiulizo pembeni. Nikamwambia apige tena, aisogelee zaidi hapo kwenye kiulizo.